Kengele Niliyoivua Mkononi Mwako

Babu Alter,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo uliijua maneno manne tu: pole, chumvi, bibi harusi na bado. Najua huwezi kuisoma. Lakini kwa Kiswidi mimi nimezoea kuandika ripoti za kazi, na ripoti ya mwisho niliyosaidia kuiandika juu yako ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo leo nimeona nitumie lugha ambayo marehemu mama yangu alinifundishia kusema kweli, hata kama mara nyingine ilimbidi aufundishe ukweli huo kwa mwiko.

Kwetu hatuingii kwenye jambo zito kabla ya salamu, basi pokea salamu. Mtaa wako wa Hagsätra upo vilevile. Kwako wamehamia mume na mke vijana na mtoto mchanga, na pale dirishani jikoni ulipokuwa ukiweka mishumaa yako miwili ya Ijumaa wao wameweka chungu cha maua. Duka la chini bado linauza ule mkate mweusi mgumu ambao kila wiki ulisema si mkate, na kila wiki ukaununua. Binti yangu Rehema ametimiza miaka kumi na sita na ameanza kuvaa miwani. Nilipompeleka kupimwa nilimwambia fundi kwamba namjua mzee mmoja aliyekata vioo vya miwani vya nusu ya mji huu. Nilisema namjua, sikusema nilimjua. Ulimi haujazoea.

Mimi mwenyewe si mzima sana. Nitafika huko, usinikimbize.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ofisi ya huduma ya nyumbani ilinituma kwako baada ya ule mguu wako kuanza kukusaliti. Ulinifungulia mlango, ukasoma kitambulisho changu kifuani kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, ukataka kujua maana ya jina langu, na nilipokwambia ukauliza ni mzazi gani anamwita mtoto Tabu. Nikakueleza hapo hapo koridoni, na buti zangu zinadondosha theluji kwenye zulia lako. Kwamba mama yangu kule Muheza alizika watoto wawili kabla yangu, na bibi akashauri nipewe jina baya, ili mauti yakija yasikie humu ndani mna tabu tupu, hakuna cha kuchukua, yapite.

Ulicheka mpaka ukakaa kwenye kile kistuli cha kuvalia viatu. Ukaniambia kwamba Alter kwa lugha ya mama yako ni Mzee. Wazazi wako walikimbia vita kutoka Poland wakaenda mbali mashariki, kwenye baridi na njaa, wakapoteza huko watoto wawili. Ulipozaliwa wewe walikuita Mzee siku ile ile, ukiwa na mikunjo ya kuzaliwa tu, ili mtoa roho akija kutafuta mtoto mchanga akute jina la mzee, ajue amekosea nyumba.

"Basi mimi na wewe tuna kesi moja," ulisema. "Wote wawili tumemdanganya."

Tangu siku ile nikakuchukua kuwa babu yangu, na kwetu babu na mjukuu ni watani. Nilikufundisha haki zangu zote: haki ya kukuita mume wangu, haki ya kukwambia umezeeka vibaya, na haki ya kuuliza kila asubuhi mlangoni kama umeshakufa ili nijiandae kula wali wa msibani kwako. Mwanzoni ulishtuka. Ulitema mate hewani mara tatu, tfu, tfu, tfu, ukanionya nisimfungulie shetani mlango kwa mdomo wangu. Mama yako angenipiga na taulo, ulisema. Lakini baada ya mwezi nilikuwa nikiweka ufunguo kwenye kitasa nasikia sauti yako kutoka ndani, kabla sijauliza lolote, ikiita kwa Kiswahili cha kukokota: "Bado!"

Babu, hakuna mtu aliyewahi kulisema neno lile kwa furaha namna ile.

Na mabishano yetu. Mimi nilikuja kwako na dini ya bibi yangu, kwamba kalamu imeshaandika na wino umekauka, na ajali haina kinga. Wewe ukaniuliza kama ni hivyo kwa nini naangalia kulia na kushoto ninapovuka barabara. Nikakuuliza ninyi mnasemaje. Ukasema baadhi ya wazee wenu wa kale walifundisha kwamba nyota haziwatawali Wayahudi, na wengine, wenye elimu ile ile, wakafundisha kwamba zinawatawala. Hata mnapopongezana harusini, ulisema, mnatakiana nyota njema, bila kujali nani alishinda mabishano. Hiyo ndiyo raha ya kuzaliwa Myahudi, unarithi pande zote mbili za ugomvi.

Ulinieleza habari za kitabu. Kwamba mwaka wenu mpya ukiingia, majani yanapoanza kuwa mekundu, Mungu hufungua kitabu na kuandika nani ataishi na nani atakufa, nani atatulia na nani atatangatanga, na siku ya kumi, siku ya kufunga, anapiga muhuri. Nikakwambia hata sisi tuna usiku wetu katika Shaabani, bibi yangu alikuwa akikesha akilia ili mwaka wake uandikwe vizuri. Ukafurahi kama umepata ndugu. Lakini kwenu, ulisema, hata hukumu ikishaandikwa, toba na sala na sadaka huweza kuilainisha. Nikajibu kwamba kwa bibi dua ilikuwa ikikutana na balaa njiani wanapigana mieleka. Ukaagiza chai nyingine.

Na kila nilipokuwa naondoka ulinifuata hadi mlangoni na ile fimbo yako, ukasema jambo moja, lile lile, mvua au theluji: "Kila kitu kimo mikononi mwa Mbingu, Tabu, isipokuwa mafua. Funga koti."

Nilidhani ni mzaha wako. Siku moja ukanieleza kwamba si wako, ni wa wazee wa zamani sana, na hawakuwa wanatania. Baridi unaiona inakuja, ulisema, na koti unalo. Ukitoka kifua wazi ukaugua, usimsingizie Mungu.

Sasa nifike kwenye Ijumaa zetu. Zilikuwa fahari yangu, na ndiyo sababu nina aibu kuziandika. Wenzangu kazini hawakujali Sabato yako. Mimi nilijali. Mimi niliyekuwa nikitoka kwangu Fittja asubuhi nikipita mbele ya msikiti, nilijua maana ya siku kuwa na mipaka. Ijumaa yangu ilikuwa ikiisha pale Sabato yako inapoingia, ikawa kama tunapokezana mlangoni. Niliweka saa ya umeme ili taa zizime zenyewe, nikaacha supu juu ya sahani ya moto mdogo, nikakukatia hata karatasi za chooni vipande vipande ili usichane kitu siku yako ya mapumziko. Ulisema mimi ni mkali kuliko rabi. Kulikuwa na majuma ambayo habari za vita zilijaa kwenye televisheni na mimi na wewe hatukujua tuangalie wapi. Uliizima, ukasema viazi vinaungua. Havikuwa vinaungua, na wote tulienda jikoni kuviangalia.

Halafu ikaja kengele ya mkononi. Kile kifungo chekundu chenye mkanda kama wa saa, ukikibonyeza sauti ya mtu inatoka kwenye kisanduku cha koridoni kuuliza una shida gani. Ijumaa moja ulikuwa unabariki divai, mkono ukagonga meza, na sauti ya msichana fulani ikaingia katikati ya baraka yako ikiuliza kama umeanguka. Ulikasirika. Ulisema kitu hiki nacho kijifunze adabu. Na mimi, bibi harusi wako mwenye kujua yote, nikakuvua kengele ile nikaitundika kwenye ndoano ya koti.

Hukuniomba nifanye hivyo. Ijumaa iliyofuata nikafanya tena, na iliyofuata. Kanuni ya kazi ilikuwa wazi, kengele haivuliwi hata bafuni. Lakini nilijiona najua zaidi ya kanuni. Nilidhani kubonyeza kifungo siku ya Sabato ni dhambi kwako, na kwamba mimi nakuepusha nayo. Sikuuliza. Ungenijibu, ulikuwa unapenda kuulizwa kuliko kula. Sijui kwa nini hukuniambia. Nadhani uliona jinsi nilivyojivunia, ukanihurumia.

Ijumaa ile ya Januari nilikuwa na haraka. Kulikuwa na sendofu ya binti wa kwetu ukumbini Skärholmen na pilau ilikuwa yangu, sufuria mbili kubwa, na simu ilikuwa inatetemeka mfukoni tangu nilipoingia. Ulikula vijiko vitatu. Ulisema leo kichwa kinakuzunguka kidogo. Nikakwambia unywe maji. Niliweka supu, saa ya umeme, karatasi, mishumaa, kila kitu mahali pake, kisha nikashika mkono wako nikaanza kufungua mkanda.

Ukauvuta mkono. Kidogo tu.

"Leo iache," ulisema.

Babu, nimejaribu kukumbuka kwamba hukusema. Nimejaribu kukumbuka kwamba ulisema kitu kingine, au kwamba sikusikia kwa sababu ya simu. Nilisikia. Nikacheka, nikakwambia: "Hata mtoa roho hupumzika Sabato, mume wangu." Nikakufungua mkanda.

Hukutema mate. Siku zote ulitema, tfu, tfu, tfu, siku ile ulinitazama tu ukaniachia mkono, na ngozi chini ya mkanda ilikuwa nyeupe na ina mistari. Niliitundika kengele kwenye ndoano. Ukanifuata na fimbo hadi mlangoni ukaniambia nifunge koti, na mimi nikateremka ngazi mbio likiwa wazi.

Siku ya pili adhuhuri nilikuwa nasugua masufuria ya pilau aliponipigia mfanyakazi wa zamu ya Jumamosi. Alikukuta jikoni sakafuni. Alilia kwenye simu. Alisema ulikuwa umevuta kile kitambaa cha kufunikia mkate, ukakikunja ukakilaza chini ya kichwa. Hilo ndilo lililoniambia kwamba hukufa mara moja. Mtu anayejitengenezea mto anasubiri.

Jumatatu msimamizi wangu aliniita. Ni mwanamke mwema, alinimiminia kahawa. Akauliza kama mteja alikuwa na kawaida ya kuivua kengele siku ya Sabato. Aliuliza hivyo hivyo, mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, ilikuwa ni kupita tu. Nikasema ja. Neno hilo la ndiyo kwa Kiswidi ni fupi sana, lilishatoka kabla sijalifikiria. Akaandika kwamba mteja aliivua mwenyewe kwa sababu za kidini.

Kwenye chumba cha mapumziko wenzangu walisema dini hizi zitawamaliza wazee. Mmoja akaongeza jambo juu ya ukaidi wa Wayahudi, la aina ile ile analosema juu yangu mwezi wa Ramadhani akidhani sisikii. Nilikuwa nakoroga chai isiyo na sukari. Nilikoroga tu.

Nilikuja matangani kwenu. Sijui mnaitaje, lakini ni matanga, siku saba, watu wamekaa kwenye viti vya chini na vioo vimefunikwa, na majirani wanaleta mayai ya kuchemsha. Mpwa wako Ewa alinikumbatia kama ndugu. Alisema ulikuwa ukimpigia simu na kumweleza vituko vyangu. Halafu akaanza kulia, akaniuliza mimi, kati ya watu wote waliokuwepo, jambo lililokuwa likimkosesha usingizi. Alisema mjomba alijua sheria vizuri. Kuokoa roho ya mtu kunaishinda Sabato, hata mtoto wa shule anajua, ni wajibu kubonyeza, ni wajibu hata kuwasha gari. "Basi kwa nini aliivua? Alikuwa amechoka kuishi? Alitaka kufa akanificha?"

Nilikuwa nimeshika yai. Nikasema, "Siku yake ilikuwa imefika, dada. Ni kudra ya Mungu."

Ndivyo nilivyosema. Nilichukua kazi ya mkono wangu nikamkabidhi Mungu, nikamwachia mtoto wa dada yako shaka kwamba ulijiua. Na kwenu, nilikuja kujua, hiyo ni shutuma nzito kumtwisha maiti.

Niliishi ndani ya maneno yale miezi minane. Rafiki yangu Mama Furaha, yule Mkongo anayesuka nywele Fittja, nilimsimulia kila kitu isipokuwa mkono wako ulivyovutwa, naye akaniambia nisijitese, c'est le destin, ni majaaliwa, kila mtu na siku yake. Nilijifunika maneno hayo. Ramadhani ikaja, nikafunga, na kila jioni tende ya kwanza ilikataa kushuka. Nilikuwa nikiomba msamaha kwa Mungu kwa bidii sana, Babu, na nilijua wakati huo huo kwamba nagonga mlango usio wenyewe.

Kwa sababu wewe ulishanieleza. Ilikuwa mwaka juzi, siku chache kabla ya siku yenu ya kufunga. Nilikukuta na simu na daftari, unawapigia watu mmoja mmoja. Ulimpigia hata yule jirani uliyegombana naye juu ya chumba cha kufulia. Ulisema dhambi uliyomkosea Mungu, Mungu atakusamehe, lakini uliyomkosea mtu, Mungu hana mamlaka nayo mpaka umwendee mwenyewe. Halafu ukaniomba radhi, kwa heshima kabisa, kwa kuwa ulisema viazi vyangu ni vibichi. Nikakuuliza kama aliyekosewa ameshakufa je? Ukasema hilo nalo wazee walilifikiria. Unawachukua watu kumi unakwenda nao kaburini, unasema mbele yao ulichomfanyia marehemu, nao wanajibu mara tatu kwamba umesamehewa.

"Kwa hiyo kama una lako niambie mapema," ulisema. "Utapata wapi watu kumi wa kusimama kwenye baridi hii?"

Nikacheka. Mungu wangu, nilivyocheka.

Mwezi uliopita niliangalia ile kalenda uliyonipa, yenye sikukuu zako na zangu pamoja, nikaona siku ya kufunga inakaribia. Nilikaa jikoni nikalia, na Rehema akaingia na miwani yake mipya. Nilimweleza yote, pamoja na mkono. Yeye hunijibu kwa Kiswidi siku zote, na alinijibu kwa Kiswidi kwamba ni lazima niseme. Nikamwambia naweza kufukuzwa kazi, na kodi ya nyumba? Akasema atanisindikiza.

Nilikwenda kwa msimamizi. Hakunimiminia kahawa safari hii, aliandika muda mrefu. Sasa nimesimamishwa, kuna uchunguzi, na sijui kama nitarudi kazini. Jina lako limesafishwa kwenye karatasi. Nililiona kwa macho yangu, imeandikwa kwamba kengele ilivuliwa na mfanyakazi, kinyume na ombi la mteja.

Kisha nikampigia Ewa. Nilimwambia ulisema leo iache. Nilimwambia hukuchoka kuishi, ulitaka kubaki nayo, mimi ndiye niliyekufungua. Simu ikakatika. Nilimtumia ujumbe wa siku na saa nitakayokuwa kaburini kwako. Hakujibu, na sikumlaumu.

Watu kumi, Babu. Niliandika kwenye lile kundi letu la simu, la Waswahili wa kusini mwa mji, kwamba nahitaji watu wa kunisindikiza makaburini kwa jambo langu, na sitalieleza kabla. Mkenya mmoja, fundi bomba, aliuliza kama kutakuwa na chakula. Mama Furaha alisema nipo. Sikumwuliza yeyote wa kwenu kama kumi hao ni lazima wawe Wayahudi. Niliogopa kuambiwa ndiyo.

Tulikutana jana alasiri kwenye stesheni ya makaburi. Upepo ulikuwa mkali. Mama Furaha alileta maua na nikamwambia kwenu kaburini huwekwa mawe, si maua, akayarudisha kwenye mfuko akatafuta jiwe, akachagua kubwa mno. Tuliposimama kwako nilitaka kujua tumetimia wangapi. Nikakumbuka kwamba wewe hukuwa unahesabu watu wazi wazi, ulisema inaita jicho la husuda, kama bibi yangu alivyotukataza kuhesabu watoto. Nikahesabu kwa mtindo wako: si mmoja, si wawili. Nilifika si tisa nikaishiwa. Dereva mmoja wa Burundi alikuwa ameitwa zamu dakika ya mwisho.

Si tisa. Nilitaka kuahirisha, Babu, nakwambia kweli, moyo ulipata nafuu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwaambia twende tukanywe chai Skärholmen. Ndipo Rehema akanivuta mkono. Ewa alikuwa anakuja kwenye ile njia ya mawe, mikono mfukoni, peke yake. Hakusalimu. Alisimama nyuma ya fundi bomba.

Nikasema. Kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiswidi kwa ajili yake. Nilisema nimemkosea Mungu na nimemkosea Alter. Nilisema alinipa mkono wake kwa kuniamini, na aliponiomba niache nilimcheka, na alipokufa nilimsingizia, nikaisingizia na dini yake. Sikutaja kudra. Pale kwenye kitambaa cha mkate ilibidi nianze upya.

Walijibu mara tatu, umesamehewa, kila mmoja kwa lafudhi yake, Rehema kwa Kiswahili safi ambacho sijui alikificha wapi miaka yote. Ewa hakufungua mdomo hata mara moja. Wenzangu walipoanza kuweka mawe na kwenda kunawa mikono kwenye bomba la pale getini, yeye alibaki, na mimi nikabaki. Nikamwuliza kama atanisamehe.

"Bado," akasema.

Kwa Kiswahili. Ulimfundisha wewe, si ndiyo? Alinipita kuelekea getini, kisha akageuka, akanitazama kifuani, na usoni mwake nikakuona wewe na fimbo yako mlangoni.

"Funga koti," akasema.

Babu, sikuombi uniambie kwamba yamekwisha. Ewa hajaniambia hivyo, na yeye ndiye mwenye haki ya kusema kwa niaba yako. Nitamsubiri. Nitakuja kila mwaka kabla ya siku yenu ya kufunga na jiwe langu, na nikiulizwa na yeyote ulikufaje, nitasema. Iliyoandikwa na Mungu nitaipokea, lakini iliyofanywa na mkono wangu sitamsingizia tena, nakuahidi kwa jina baya alilonipa bibi. Lala salama, mume wangu. Wali wako sikuula.

Vifungo vyote nimefunga, hadi cha juu.

Mjukuu wako,
Tabu